Mita Mbili

Kazini napanda mita arobaini,
ngazi ya chuma, alfajiri, barafu ikiwa bado kwenye vidato,
naketi ndani ya sanduku la kioo juu ya bandari ya Gdynia,
na chini ya nyayo zangu ni hewa tupu, kisha meli.
Nanyanyua makontena kama mtu anayepanga vikombe kabatini.
Upepo ukivuma kibanda huyumba, nami huyumba nacho,
nakunywa chai.

Jumamosi, kwenye kibustani chetu cha kukodi nyuma ya reli,
Kalina, miaka minne na nusu,
kavua viatu, kaukwea mpea.
Mita mbili. Labda mbili na robo.
Magoti yangu yakawa uji.

Shuka! Sauti ilinitoka kabla sijaituma.
Shuka, angalia, taratibu, shika, usi—
maneno yakamwagika kama njugu za gunia lililotoboka.
Dobrawa alikuwa akimenya viazi. Hakuinua uso.
"Ukimwita atakutazama wewe. Akikutazama wewe,
nani atautazama mguu wake?"

Mama mkwe naye, kwenye kiti chake cha turubai, ana ushahidi:
binamu fulani, mwaka fulani, mkono uliounga upande.
Halafu anasahau kwamba anatutisha,
anacheka: yeye mwenyewe, ana miaka saba,
aliruka kutoka paa la banda la nyasi mara kumi na moja,
na ya kumi na mbili mama yake akarudi kutoka sokoni.
"Zama zile watoto tulikuwa wengi," asema.
Sikujua kama ni utani.

Kazini tuna daftari. Kila kamba ya waya
hukaguliwa, nyuzi zilizokatika huhesabiwa,
zikizidi, kamba hutupwa.
Tawi halina daftari.
Usiku nikalipapasa kwa tochi, mtu mzima mimi,
nikanusa gome, nikaning'inia kwa uzito wangu wote
hadi mbwa wa jirani akaamsha mtaa.
Lilinibeba. Kilo tisini na sita.
Na bado nikaburuta godoro kuukuu, nikalitandika chini.

Asubuhi Kalina akaliona.
Hakuuliza kitu. Akalivuta, akihema, mpaka kichakani,
akamtandikia kalunguyeye.
Kisha akarudi mtini.

Najua, mchelea mwana kulia hulia yeye.
Lakini aliyeitunga methali hiyo
hakuwa amesimama hapa, chini ya mpea,
viganja vimekingwa kama beseni.

Basi nikajaribu maneno mengine,
yale ambayo Dobrawa amenifundisha kama afundishwavyo mtu kuogelea:
"Mguu wa kushoto utauweka wapi?"
Kimya. Vidole vidogo vikitafuta kwenye gome.
"Baba, nyamaza. Nausikiliza mti."

Akateleza.
Upana wa kiganja tu. Kidevu kikagonga tawi.
Nikaikuta mikono yangu imeshika hewani
vishikio visivyokuwepo,
wa kushoto ukizungusha, wa kulia ukiteremsha
polepole, polepole, kama kwa mzigo wa vioo.
Yeye alikuwa ameshajishika.
Akalamba damu mdomoni, akaionja
kama mpishi anayepima chumvi,
akapanda tawi moja zaidi.

Sijapona. Bado nasimama karibu kuliko inavyohitajika,
najifanya nakagua majani, natafuta wadudu wasiokuwepo.
Kule juu anapaza sauti: anaiona kreni yangu,
ile nyekundu, na mimi nimo ndani,
nampungia mkono.

Kutoka pale bandari haionekani.
Kuna kilima kizima, na msitu juu ya kilima.
Sikumwambia.
Nikainua mkono, huku chini, nikapunga.